Daraja Mbili: Nyumba Zilizotangulia Ramani
Historia ya makazi ya Daraja Mbili, mjini Arusha, haitenganiki na historia ya ardhi ya Mlima Meru. Mashamba ya walowezi yaliwabana wakulima. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mji ulipopanuka, sehemu kubwa ya Daraja Mbili ilijengwa kabla ya kupimwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliwapa wakazi wa maeneo ya namna hiyo nafasi ya kupata leseni ya makazi, ambayo haizidi miaka 5 kabla ya kuhuishwa. Nyumba hudumu kuliko leseni. Kwa hiyo mchungaji aibarikiye nyumba hana budi kuulizia pia usalama wa kiwanja chake.