Zana za RAID ya programu kwenye Linux

RAID ya programu huunganisha diski kadhaa kupitia kerneli ya Linux, bila kadi maalumu, ili moja ikifa data ibaki. Dhana ya RAID ilielezwa na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1988. Zana iliyozoeleka zaidi ni mdadm, iliyoandikwa na Neil Brown mwaka 2001 na kuchukua nafasi ya raidtools. LVM, zana ya kugawa nafasi ya diski, nayo huunda RAID, lakini kwa kutumia msimbo uleule wa md ulio kwenye kerneli, ambao mdadm huusimamia. Anayechagua kati ya hizo mbili huchagua amri tu, injini ni moja.

Kwa ofisi ya Moshi mjini, au kituo cha afya huko Machame au Marangu, jambo la kupima kwanza ni umeme. Ukikatika data ikiwa inaandikwa, pariti ya RAID 5 (data ya ziada ya kurejesha diski iliyokufa) inaweza kutolingana na data. RAID 1, inayoweka nakala ileile kwenye kila diski, haina pariti, na kwa seva ya diski mbili ndiyo chaguo la busara. Faili la /proc/mdstat huonyesha [UU] diski zote zikiwa nzima, [U_] moja ikitoka. (Faili lililofutwa kimakosa, hata hivyo, hufutika kwenye diski zote mbili.) Btrfs, mfumo wa faili wa Linux, ina RAID 5 yake, ila watengenezaji wenyewe hawaipendekezi kwa kazi halisi.