Wimbo wa Nani?

Desemba iliyopita nilikuwa Nyarubungo, wilayani Biharamulo, kwa matanga ya mzee mmoja wa ukoo wetu. Jioni ya siku ya tatu watoto walikuwa wamejibana mbele ya simu ya kijana mmoja, wakitazama katuni ya The Lion King. Nguchiro na ngiri walipoanza wimbo wao wa Hakuna Matata, watoto waliufuata mwanzo hadi mwisho. Shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za harusi kijijini, akanigeukia. "Baba, huo wimbo ni wa nani?" Nikamjibu kwa wepesi kwamba ni wa Wamarekani. "Mbona maneno ni ya Kiswahili?" akasema, kisha akaendelea kuchambua maharage.

Jibu langu lilikuwa la kivivu, na msomaji ataniwia radhi nikijaribu kulirekebisha hapa.

Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, iliyozoea kutumbuiza watalii mahotelini, ilitoa Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, likatoa toleo lake na kuliita Jambo – Hakuna Matata. Kisha, mwaka 1994, Elton John na Tim Rice wakatunga wimbo mwingine kwa ajili ya filamu ya Disney, na kuanzia 1995 wimbo huo ukawa ndio unaofungua vipindi vya televisheni vya Timon & Pumbaa. Utunzi huu haukuiga muziki wa Mombasa. Ulichukua msemo tu, na msemo wa watu wote hauna mwenyewe. Hata hivyo mwaka huohuo wa 1994 Disney iliomba msemo huo usajiliwe Marekani kuwa alama ya biashara kwenye nguo, na usajili ukapatikana 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kuupinga. Kampuni ikajibu kwamba usajili haumzuii mtu kutamka maneno hayo, na kisheria ilikuwa sahihi. Nakiri kwamba ghadhabu ile ya 2018, ambayo wanafunzi wangu waliishabikia mno, naiona ilielekezwa mahali pasipo na jeraha kubwa. Jeraha lipo ndani ya filamu ileile, katika wimbo mwingine.

Kabla ya kuufikia wimbo huo, niseme kwamba kuiga kwenyewe si kosa. Katuni za televisheni za Marekani zimekula mkate wake kwa kuiga nyimbo. Mwenye wimbo maarufu akinyima ruhusa, mtunzi wa kipindi hutengeneza unaofanana nao: mapigo yaleyale, mpangilio uleule wa ala, mwanzo wa kiitikio unaokaribia kabisa, kisha sauti hugeuzwa pale ambapo sikio limekwisha kutambua. Family Guy ilifanya hivyo kwa When You Wish Upon a Star, wimbo wa filamu ya Pinocchio ya 1940. Waandaaji waliomba ruhusa, wakakataliwa, wakatunga wa kwao wa mzaha. Kampuni ya Bourne, yenye haki za wimbo ule, ikashtaki. Machi 2009 mahakama ya shirikisho mjini New York ikaamua kwamba tashtiti ile ilikuwa matumizi halali.

Mlalamikaji alishindwa, lakini tazameni alichobaki nacho. Tashtiti haichekeshi mpaka msikilizaji aujue wimbo unaoigwa. Mwigaji analazimika kuziacha nyayo za mwenye wimbo zionekane, la sivyo mzaha unakufa. Kwa hiyo hata katika dhihaka, Pinocchio ilitambuliwa.

Sasa tuurudie ule wimbo wa filamu ya simba. Wahusika walewale wawili wanaimba humo kipande cha The Lion Sleeps Tonight. Wimbo huo ulianza kwa jina la Mbube, yaani simba kwa Kizulu, uliporekodiwa na Solomon Linda katika studio ya Gallo, Johannesburg, mwaka 1939. Haki zake aliziuza kwa shilingi kumi. Santuri ikafika Marekani mikononi mwa Pete Seeger, ambaye alilisikia vibaya neno la kiitikio, na kosa la sikio lake likawa jina la wimbo: Wimoweh. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likauimba kwa maneno ya Kiingereza na ukavuma. Linda alifariki mwaka uliofuata, akiwa maskini. Binti zake walifungua kesi dhidi ya Disney mwaka 2004, wakiegemea sheria ya Uingereza ya 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 shauri likamalizwa kwa maafikiano. Ni kejeli ya historia kwamba kilichowaokoa ni sheria ya dola ya kikoloni.

Mtazamaji aliyesikia Pinocchio ikiigwa alimjua anayeigwa. Aliyesikia wimbo wa Linda alisikia Afrika, bara lisilo na mtunzi.

Nalijua jambo hili kwa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa bado mwanafunzi, nililipwa posho na mradi mmoja wa afya kuwaongoza warekodi sauti hadi kijijini kwetu na kuwatafsiria. Shangazi aliwaimbia nyimbo sita. Baadaye niliona katuni fupi ya kuhimiza watoto wanawe mikono, na chini ya maneno ya sabuni na maji ulikuwepo wimbo wake wa kumtoa bibi harusi nyumbani. Aliyeimba alikuwa msichana wa studio, mwisho wa kila mstari ulikuwa umepandishwa kidogo, na ngoma zilikuwa za kompyuta. Majina ya mchoraji, mtayarishaji na fundi sauti yalipita kwenye skrini. Kwa muziki iliandikwa: "wimbo wa asili".

Wasiwalaumu wao peke yao. Fomu ya kurekodi ilikuwa na nafasi ya jina la mtunzi, na aliyeijaza ni mimi. Niliandika "asili, Nyarubungo", nikaona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Ndugu zangu maofisa utamaduni watanikumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Ni kweli, nami nimewahi kuifundisha. Lakini sheria hulinda kile ambacho mtu ameandika kwamba kipo, na neno "asili" katika fomu zetu limekuwa kaburi la majina. Profesa Mulokozi, alipotafiti tendi za nanga za Wahaya, jirani zetu wa kaskazini, aliwachukulia manju kuwa wasanii wenye ubunifu wao, wala si mabomba ya kupitishia mila. Kwa nini mwimbaji wa harusi wa Biharamulo astahili pungufu ya hapo?

Usiku ule wa matanga nilimweleza shangazi habari ya ile katuni ya sabuni. Alitaka kuisikia. Nilimtafutia kwenye simu, akasikiliza mara mbili, akacheka pale walipopandisha sauti. "Hapo wameharibu," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Ila huo si wangu, baba. Mimi niliongeza ubeti wa mwisho tu." Nikamwuliza nani aliyemfundisha, na huyo naye alifundishwa na nani. Akanitajia wanawake wanne, wa mwisho akiwa amefariki kabla sijazaliwa. Nilikuwa na daftari la rambirambi mapajani. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikayaandika majina yote manne na lake la tano, yeye akinisahihisha tahajia.