Sidii Iliyofungua Mlango

Katika kazi ya kuwaandaa walimu tumezoea kusema kwamba mwanafunzi huogopa kuonekana mjinga kuliko anavyoliogopa somo lenyewe. Historia ya programu huria imetuonyesha hofu nyingine, tena yenye haki zaidi: hofu ya kupoteza kile ambacho mtu tayari anacho.

Huria ni programu ambayo maagizo yake ya ndani, yaliyoandikwa na mtaalamu ili mashine iyatekeleze, yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza mradi wa GNU. Jambo mojawapo lililomchochea lilikuwa dogo: mashine ya kuchapisha iliyokwamisha karatasi kila mara, naye akanyimwa maagizo ya programu yake, ingawa aliweza kuitengeneza. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, alitoa kiini kilichoitwa Linux. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya GNU, na vipande hivyo viwili vikaungana kuwa mfumo kamili wa kuendesha kompyuta.

Mfumo ulikuwapo, wageni hawakuwapo. Katika miaka ya 90, aliyetaka kuujaribu alipaswa kuigawa diski kuu ya kompyuta yake, kujua vifaa vilivyomo ndani, na kujibu maswali yaliyoandikwa kwa lugha ya mafundi. Akikosea, mafaili yake yangeweza kufutika. Akiuliza, mara nyingi alijibiwa akasome kwanza kitabu cha maelezo. (Tusiwacheke mafundi hao: wengi wetu tulifundishwa vivyo hivyo ubaoni, na tukafundisha wengine vivyo hivyo.) Ni kweli kwamba katika miji mingi watumiaji walianzisha vikundi, wakapanga siku za kukutana, mgeni alileta kompyuta yake, na mwenye ujuzi akaketi kando yake. Msaada huo ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, mgeni alidaiwa kuamua kabla ya kuona.

Mwaka 2000 mhandisi Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, sidii moja yenye mfumo mzima. Mtu aliiingiza katika kompyuta, akaiwasha upya, na mfumo ukafanya kazi kutoka katika sidii na kumbukumbu ya muda ya mashine, pasipo kuandika chochote katika diski kuu. Akiitoa sidii na kuwasha tena, alikuta kila kitu kama alivyokiacha. Knopper hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, lakini sidii yake ndiyo iliyosambaa.

Mnamo Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa Ubuntu; neno hilo la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno letu utu. Hadi mwaka 2011 walituma sidii kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba. Katika toleo la Juni 2006, sidii ile ile ilimruhusu mtu kujaribu kwanza, kisha kuusimika mfumo akiupenda. Na mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili.

Sisi tulijifunza maana ya hatua hizo kwa aibu. Mwalimu mwenzetu alituletea kompyuta yake, nasi, kwa bidii ya wageni katika jambo, tukamsimikia mfumo mpya papo hapo. Tulichagua sehemu isiyofaa ya diski. Alama za wanafunzi wake za muhula mzima zilifutika. Alizikusanya upya kutoka katika madaftari, ukurasa kwa ukurasa. Hakutukaripia. Lakini hadi leo hataki kusikia neno Linux, na hatuwezi kumlaumu.

Tangu hapo tunaanza na flashi. Hatuanzi na hotuba juu ya uhuru na leseni, ingawa katika kompyuta nyingi tulizofunguliwa tumekuta programu za kulipia zilizonakiliwa bila ruhusa, na suala hilo latugusa. Mgeni huwasha, hufungua barua yake mwenyewe kwa LibreOffice, na hujionea mwenyewe. Tunamwambia pia yasiyopendeza: huenda mistari ya barua ikasogea, huenda kompyuta isiitambue intaneti, na kazi asiyoihifadhi katika flashi nyingine itapotea umeme ukikatika. Hilo la umeme, hapa kwetu, halihitaji maelezo marefu.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa kike, karibu kustaafu, aliandika jaribio la hesabu kwa namna hiyo, akalihifadhi, akaichomoa flashi, akaiwasha kompyuta yake ya zamani na kukagua mafaili yake moja baada ya jingine. Hakuna lililopungua. Akatuuliza kama angeweza kubaki na flashi ile hadi Jumatatu.