Askari wa Vita vya Ghuba na Tiba ya Usingizi Isiyo na Vidonge

Mtu akiugua muda mrefu, usingizi huwa wa kwanza kumkimbia. Maumivu humwamsha, mawazo humkesha, na kukipambazuka mwili u hoi kuliko alivyoingia kitandani. Wengi wetu twaona hilo ni sehemu ya maradhi, halina la kufanya ila kuvumilia au kumeza vidonge. Yaliyowapata wanajeshi wastaafu wa Marekani yaonyesha kuna njia nyengine.

Iraq iliivamia Kuwait Agosti 1990, na mapema mwaka 1991 majeshi yaliyoongozwa na Marekani yakaitoa. Karibu Wamarekani 700,000 walipelekwa vitani. Waliporudi, wengi wakaanza kulalamika: uchovu usiokwisha, viungo kuuma, kusahau, tumbo kuvurugika na kukosa usingizi. Yakadiriwa robo hadi theluthi yao wana hali hiyo, inayoitwa Ugonjwa wa Vita vya Ghuba. Miaka mingi waliambiwa ni wasiwasi tu. Baadaye watafiti wakaelekeza kidole kwenye dawa za kuua wadudu, vidonge walivyopewa kujikinga na gesi ya sumu, na gesi ya sarini iliyovuja ghala la silaha la Khamisiyah lilipolipuliwa Machi 1991.

Mgonjwa aliyekwisha kuambiwa hivyo, ukimpeleka kwa mwanasaikolojia ataudhika. Atadhani ni yale yale, kwamba augua kichwani. Lakini tiba hii haisemi hivyo. Yakubali kuwa ugonjwa ni wa mwili, ila usingizi mbaya wauzidishia nguvu.

Linda Chao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake waliwachukua wastaafu 85 wenye ugonjwa huo na tatizo la usingizi, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilitibiwa kwa simu mara moja kwa wiki, kwa wiki 8. Jengine lilingojea zamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Tiba yenyewe huenda hivi:

Kwanza, daftari. Kila asubuhi mgonjwa huandika saa aliyopanda kitandani, aliyolala, alizozinduka na aliyoamka.

Pili, kitanda ni cha kulala na mambo ya mke na mume tu. Ukigaragara kama dakika 20 bila lepe la usingizi, toka, ukae pengine kwenye utulivu, urudi macho yakiwa mazito. Si pa simu wala pa kupigia hesabu za madeni.

Tatu, na hapa ndipo wengi hushangaa, saa za kitandani hupunguzwa. Alalaye kitandani saa 9 akapata usingizi wa saa 6 tu, hupewa saa 6. Usingizi ukishikamana, huongezwa dakika 15 kidogo kidogo. Saa ya kuamka haibadiliki, hata usiku uwe mbaya vipi.

Nne, fikra. Mwenye kujiambia "nisipolala leo kesho nimekwisha" hujitia hofu, na hofu hufukuza usingizi.

Waliotibiwa walilala vizuri zaidi, na pia uchovu ulipungua, na ukali wa ugonjwa kwa jumla ukashuka. Miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa ingalipo. Hawakupona kabisa, lakini mzigo ulipungua.

Tahadhari zipo. Mwenye kifafa au maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia asijipunguzie saa za kulala bila daktari. Dereva pia ajihadhari, kwani wiki za mwanzo husinziisha mchana. Akoromaye huku pumzi zikikatika apimwe kwanza. Na atumiaye vidonge vya usingizi asiviache ghafla.

Tangu 2016, Chuo cha Madaktari cha Marekani chashauri tiba hii iwe ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, kabla ya vidonge. Kwa hivyo si ya wanajeshi peke yao. Ukiwa na mzazi mwenye sukari au presha anayekesha, mnunulie daftari, aandike wiki mbili, kisha mwende nalo kwa daktari wake. Mara nyingi huulizwa kuhusu dawa na chakula, usingizi ukasahauliwa.