Redio na Mazungumzo ya Wananchi katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya redio ya jamii katika Mbeya na Iringa inaanzia kwenye vikundi vya kusikiliza, miaka mingi kabla ya minara ya FM. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ziliendesha nchi nzima kampeni ya Mtu ni Afya. Wanakijiji walikusanyika kwenye redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao 2,000,000 walishiriki. Mtindo huo ulianzia kwa wakulima wa Kanada mwaka 1941, ukajaribiwa India na Ghana kabla ya kufika Tanzania. Kampeni nyingine ya aina hiyo, Chakula ni Uhai, ilifuata mwaka 1975.

Mafanikio yalikuwa makubwa, lakini sauti ilitoka Dar es Salaam tu. Mkulima wa Makete, anayeishi kwenye baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, alipewa somo la malaria lile lile alilopewa mwenzake wa Kyela kando ya Ziwa Nyasa. Kikundi kilijadili, ila hakikuwa na njia ya kurudisha hoja studioni.

Pengo hilo lilionekana wazi Iringa kupitia kazi ambayo haikuwa ya redio. Mpango wa Lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, uliingia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito siku ya afya ya kijiji, matokeo yakapelekwa kwa serikali ya kijiji, na wazazi wenyewe wakatafuta chanzo cha udhaifu: je, ni uchache wa milo kwa siku, kazi nyingi za mama, au maradhi? Katika miaka michache utapiamlo mkali ulipungua kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Hapa wananchi walikuwa na takwimu zao na kikao chao. Walichokosa ni chombo cha kuzifikisha habari hizo kijiji cha jirani.

Chombo hicho kiliruhusiwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua milango kwa watangazaji wasio wa serikali. Katika miji ya Iringa na Mbeya vilikuja vituo vya biashara kama Ebony FM na Bomba FM, pamoja na vya madhehebu ya dini. Wilayani zilizaliwa redio za jamii: Chai FM ya Rungwe, Keifo FM ya Kyela, na Kitulo FM ya Makete, wilaya iliyokuwa ya Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012. Jiografia nayo ilichangia. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na Mlima Rungwe wenye mita 2,960 pamoja na safu ya Livingstone huyakata. Kwa hiyo bonde linalotaka kusikika vizuri linahitaji mnara wake.

Kinachozifanya redio hizi kuwa za jamii ni mambo yanayoonekana madogo: tangazo la msiba, ng'ombe aliyepotea, bei ya viazi, siku ya kugawa mbolea ya ruzuku, salamu za ndugu. Msikilizaji anayetajwa jina lake leo atapiga simu kesho kuuliza kwa nini zahanati haina dawa. Kwa UKIMWI mazoea hayo yalikuwa na uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulikuta maambukizi ya asilimia 15.7 mkoani Iringa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.7. Makete ilikuwa na yatima wengi, na mambo ya kupima, unyanyapaa na urithi wa wajane yalihitaji kuzungumzwa na watu wanaofahamiana.

Vikwazo vipo. Watangazaji wengi hujitolea, na kipindi kinacholipiwa na mfadhili hukoma mradi unapokwisha. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, hivyo mzee anayeeleza mambo yake vizuri zaidi kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kikinga hubaki nyuma. Kuuliza maswali kuna hatari pia. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, Daudi Mwangosi, aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Mwaka 2016 askari polisi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho.

Kupokea simu za wasikilizaji hakutoshi. Wakurugenzi wa halmashauri wawape maafisa ugani, waganga na wahandisi wa maji ratiba ya kwenda studioni kila mwezi, wajibu maswali wakiwa hewani, na warudi mwezi unaofuata kueleza kilichotekelezwa.