Mwaka wa Mnyama Gani? Hesabu ya Miaka ya Kichina na Mtego Wake kwa Mwanahistoria

Utangulizi

Kila jamii iliyotaka kuhifadhi kumbukumbu zake ilihitaji njia ya kuutofautisha mwaka mmoja na mwingine. Baadhi waliihesabu miaka kwa namba, wengine wakaipa majina. Waswahili wa pwani, kwa mfano, waliuita mwaka wao wa jua kwa jina la siku ya juma ambayo Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, iliangukia: mwaka Jumatatu, mwaka Jumanne, na kadhalika. Kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, jina lilisogea hatua moja kila mwaka, na baada ya miaka saba likarudi lile la kwanza. Wachina nao waliipa miaka yao majina yanayozunguka. Ila mzunguko wao ni wa miaka 12, na kila mwaka una mnyama wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kumpata mnyama wa mwaka fulani. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba hesabu hiyo, ingawa ni nyepesi, humpotosha mtafiti asiyeuliza kwanza mwaka wenyewe ulianza lini.

1. Asili ya majina

Kabla ya wanyama palikuwa na alama. Wachina wa kale walikuwa na alama 12 zinazoitwa Matawi, na nyingine 10 zinazoitwa Mashina. Tawi na Shina huandamana, na jozi ya kwanza hairudi mpaka hatua 60 zitimie. Jozi hizo zinaonekana katika maandishi ya mifupa ya uaguzi ya enzi ya Shang, tangu karne ya 13 kabla ya Kristo, nazo zilitumika kuhesabia siku. Matumizi yake kwa miaka yalienea baadaye sana.

Wanyama waliunganishwa na Matawi polepole. Mwaka 1975, huko Shuihudi katika jimbo la Hubei, yalifukuliwa maandishi ya vipande vya mianzi katika kaburi la mwaka 217 kabla ya Kristo. Humo karibu kila Tawi lina mnyama wake, kwa ajili ya kutambua sura ya mwizi kwa kufuata siku aliyoiba. Lakini orodha hiyo hailingani kabisa na ya leo: Tawi la saba, ambalo sasa ni la Farasi, lilikuwa la kulungu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mwandishi Wang Chong aliwataja wanyama kama tunavyowajua hivi sasa: Panya, Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Kima, Jogoo, Mbwa na Nguruwe.

Mwanafunzi wa lugha atazame tafsiri hizi kwa hadhari. Neno la Kichina yang linamhusu mbuzi na kondoo pia. Ndiyo maana mwaka huohuo huitwa kwa majina mawili katika lugha nyingine. Nalo neno letu "joka" humfanya msikilizaji afikirie nyoka mkubwa, hali kiumbe cha Wachina kina miguu, huleta mvua, na kilikuwa ishara ya mfalme.

2. Hesabu yenyewe

Chukua mwaka wa kalenda ya kawaida, toa 4, gawanya kwa 12, kisha tazama baki. Baki 0 ni Panya, 1 ni Ng'ombe, 2 ni Chui-milia, na hivyo kwa mpangilio uliotajwa hadi 11, ambaye ni Nguruwe. Tunatoa 4 kwa sababu mwaka wa 4 baada ya Kristo unaangukia mwanzo wa mzunguko.

Tuchukue mwaka wa uhuru wetu, 1960. Tukitoa 4 tunapata 1956. Tukigawanya kwa 12 tunapata 163, wala habaki kitu. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa katika mwaka wa Panya.

3. Mpaka wa mwaka

Hapa ndipo penye mtego. Mwaka wa Kichina hauanzi tarehe 1 Januari. Miezi yake ni miandamo, na miezi 12 miandamo hupungukiwa na siku kama 11 ili kuufikia mwaka wa jua. Kwa sababu hiyo huongezwa mwezi mmoja mara saba katika kila miaka 19. Kwa kanuni hiyo Mwaka Mpya huangukia kati ya tarehe 21 Januari na siku za 20 hivi za Februari. Siku zote zilizo kabla yake ni za mnyama aliyetangulia.

Mapinduzi yaliyoiangusha nasaba ya Qing ni mfano bora. Yalianza kwa uasi wa askari huko Wuchang tarehe 10 Oktoba 1911. Tarehe 1 Januari 1912 Sun Yat-sen alishika urais wa muda wa Jamhuri, na tarehe 12 Februari 1912 ikatangazwa kwamba mfalme mtoto, Puyi, ameacha kiti. Katika vitabu vyetu matukio haya yamegawanyika katika miaka miwili. Lakini Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 18 Februari 1912. Kwa hesabu ya Wachina wenyewe, basi, uasi, Jamhuri na kuanguka kwa mfalme vyote vilitokea katika mwaka mmoja, xinhai, mwaka wa Nguruwe; nao waliyaita Mapinduzi ya Xinhai. Mwenye kutumia kanuni ya kugawanya peke yake angeweka kuondoka kwa Puyi katika mwaka wa Panya, na angeshindwa kuelewa kwa nini jina moja linatosha.

Vivyo hivyo kwa mwaka 1976. Waziri Mkuu Zhou Enlai alifariki tarehe 8 Januari, na Mao Zedong tarehe 9 Septemba. Kanuni husema 1976 ni Joka. Hata hivyo Mwaka Mpya ulikuwa tarehe 31 Januari: Zhou alifariki katika mwaka wa Sungura, Mao katika mwaka wa Joka.

Tena jina huweza kurudi. Xinhai ya 1911 ilirudi mwaka 1971, mwaka ambao Jamhuri ya Watu wa Uchina ilipata kiti cha Uchina katika Umoja wa Mataifa, tarehe 25 Oktoba. Siku mbili baadaye nchi yetu ilipewa jina la Zaïre, lililodumu hadi 1997. Hati yenye neno xinhai pekee haituambii ni ipi kati ya miaka hiyo. Ni lazima jina la mfalme au tukio linalojulikana lisaidie.

4. Mpaka hutegemea mahali

Wajapani walipokea kalenda ya Kizungu mwaka 1873, na tangu hapo mnyama wao huanza tarehe 1 Januari. Mtoto aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1976 ni wa Joka huko Japani, na wa Sungura huko Uchina. Huko Vietnam angekuwa wa Paka, kwa maana Wavietnam wamemweka Paka mahali pa Sungura.

Haya si mchezo wa majina tu. Japani ilikuwapo imani kwamba msichana aliyezaliwa katika mwaka wa Farasi wa Moto, ambao hurudi kila baada ya miaka 60, atamletea mumewe balaa. Mwaka 1965 walizaliwa watoto wapatao milioni 1.82; mwaka 1966, wa Farasi wa Moto, milioni 1.36 tu, mwaka uliofuata idadi ikapanda tena. Jina la mwaka liliwafanya wazazi wengi waahirishe uzazi.

Hitimisho

Kugawanya kwa 12 hutupa jina la mwaka. Mwanzo na mwisho wake haututajii. Anayesoma hati ya Asia ya Mashariki na aulize mambo matatu kabla ya kuandika tarehe: ni siku gani, ni nchi gani, na ni mzunguko upi. Shauri hili linamfaa pia mtafiti wa hati zetu za pwani zilizoandikwa "mwaka Jumatatu", ambao nao ulirudi kila baada ya miaka saba. Kalenda ya watu ni sehemu ya lugha yao, na kuifasiri kwataka uangalifu uleule tunaoutumia katika kufasiri maneno.