Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Meli Mbili za Mwaka 1915

Muulize mtu wa Ujiji habari za meli, atakutajia Liemba kabla hujamaliza swali. Kisa chake tunakijua juu juu: Wajerumani waliiunda, wakaizamisha, Waingereza wakaiibua. Swali la fundi ndilo tunalolisahau. Ilikuwaje chuma kikae majini sehemu kubwa ya miaka minane kisiliwe na kutu? Ili kulijibu, tuiweke kando ya meli nyingine ya rika lake, iliyoundwa mbali sana na kwa fedha nyingi.

Tuanze nyumbani. Liemba ilitengenezwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakapanda treni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kwenye bandari yenye kina, na Ujiji, mji mkongwe wa biashara ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ukabaki pembeni. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa ziwani kwa jina la Graf von Goetzen.

Julai 1916 vita viliwaelemea Wajerumani, wakaamua kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ila mafundi wa Meyer, waliotumwa kuja kuiunganisha, walikuwa bado na matumaini ya kuitumia tena. Basi wakaipaka mitambo grisi nene kabla haijazama. Wabelgiji waliiinua baadaye, ikazama tena. Waingereza walipoitoa mwaka 1924, walikuta injini zinafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa tuhamie Marekani. Mwaka 1905 kampuni ya International Nickel ilianza kutengeneza aloi ya nikeli na shaba, ikaipa jina Monel kutokana na jina la rais wake, Ambrose Monell. Takribani theluthi mbili ni nikeli, inayobaki karibu yote ni shaba, pamoja na chuma na manganizi kidogo. Ni ngumu kuliko shaba na inavumilia maji ya bahari ajabu. Hadi leo hutumika kwenye mihimili ya pampu, vali, viwanda vya kemikali na mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji. Ndugu yake wa mbali tumewahi kumshika mkononi: shilingi ya mwaka 1966 yenye sura ya Nyerere ilikuwa shaba nyingi na nikeli kidogo.

Mwaka 1915, mwaka uleule wa Goetzen, tajiri Alexander Smith Cochran alijengewa jahazi la anasa, Sea Call, lenye mwili wa Monel. Lakini ndani lilikuwa na mataruma ya chuma cha kawaida. Hapo ndipo balaa ilipoanza. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, huwa kama betri: umeme mdogo unapita, na ile dhaifu inajitoa kidogo kidogo. Monel ilibaki inang'aa, chuma kikaliwa. Jahazi likavunjwa likiwa bado jipya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Liemba haikuwa na anasa hiyo. Ilikuwa chuma kikiwa na wenzake, katika ziwa lisilo na chumvi ya bahari, na maji yake ni ya alkali kidogo, hali inayopunguza kasi ya kutu. Grisi ikamaliza kazi kwa kuzuia maji na hewa visifike kwenye mitambo. Ndiyo maana mwaka 2015 meli hiyohiyo iliweza kuwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwaleta Kigoma, ikiwa na umri wa miaka mia moja.

Naikumbusha historia hii kwa sababu nikeli si kitu cha mbali tena. Kabanga, wilayani Ngara, ina akiba kubwa, na katika kampuni ya Tembo Nickel iliyoundwa mwaka 2021 Serikali inamiliki asilimia 16. Ujiji inajua maana ya utajiri unaopita tu: pembe za ndovu na watumwa walivushwa hapa kwenda pwani, faida ikaenda kukaa kwingine. Nikeli nayo ikiondoka bila vijana wetu kujifunza kuisafisha, kuichanganya na kujua isiunganishwe na nini, tutabaki tunainunua ikirudi kama vali. Waliopaka grisi mwaka 1916 walikuwa watu wachache, tena meli yenyewe hawakuwa na hakika ya kuiona tena. Walichokuwa nacho ni kuijua tabia ya chuma.